Uzi: Pointi za intigresheni kwenye elementi za bamba na gamba, mbona kwenye unene tunaongeza halafu kwenye uso tunapunguza?

NodiNne

Wakuu habari za humu ndani. Naomba msaada, hii kitu imenikalia kichwani sana. Nina ukanda wa chuma wenye unene wa milimita 10, mwembamba, pande zake ziko huru, chuma chake kinalegea (kinaanza kupinda bila kurudi) kwenye MPa 250 na sijaweka ugumu wowote wa ziada, yaani kikishalegea kinabaki hapohapo 250. Naupinda taratibu mpaka momenti isipande tena. Elementi, yaani vipande vidogo ambavyo programu inaugawa ukanda, ni za gamba zenye nodi nne (pembe zinazoungana na majirani). Kwa mkono momenti ya mwisho inakuja 6.25 kNm kwa kila mita ya upana. Sasa nikiweka pointi 2 za Gauss (sehemu ambapo programu inapima stresi ili ijumlishe) ndani ya unene napata 7.2, nikiweka 3 inaanguka mpaka 5.4, nikiweka 5 inapanda tena 5.9. Meshi (mgawanyo wa elementi) ileile, mzigo uleule, hakuna kingine nilichogusa. Mtu aamini namba ipi hapo?

La pili, kuna mtu kazini kaniambia kwenye uso wa elementi niweke pointi moja badala ya nne, eti jibu linakuwa zuri zaidi. Mi nilivyofundishwa pointi zikiongezeka na usahihi unaongezeka. Anayejua anieleweshe sababu, sio anitajie option ya kubonyeza tu.

fundi_elementi

Mkuu asante kwa kuweka namba kabisa, maana hapo tunaweza kuzifuata moja moja mpaka zifunguke.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Kuna pointi za kwenye uso wa elementi, yaani zilizotawanyika kwa urefu na upana wake, na kuna pointi za ndani ya unene, na haya ni maswali mawili tofauti kabisa ingawa programu inayaweka kwenye dirisha moja. Tuanze na unene maana ndo namba zako zilipo.

Programu haijui kufanya intigresheni kama wewe na kalamu, inachukua thamani kwenye pointi chache, inazidisha kila moja na uzito wake, inajumlisha. Gauss mwaka 1814 alionyesha ukichagua pointi na uzito vizuri, pointi n zinakupa jibu kamili la polinomia yoyote mpaka digrii 2n−1. Ukanda wako ukiwa bado elastiki (ukiachiwa unarudi ulivyokuwa), stresi, yaani nguvu kwa kila eneo, inabadilika kwa mstari mnyoofu kutoka chini kwenda juu, momenti ni stresi mara umbali kutoka katikati, kwa hiyo unajumlisha kitu cha digrii 2. Pointi mbili zinafika digrii 3. Zinatosha, na zinatosha kabisa, sio kwa kukadiria. Ndo maana kama ungeishia kwenye elastiki, pointi 2, 3 na 5 zote zingekupa momenti ileile mpaka desimali ya mwisho na usingefungua uzi huu.

Chuma kikilegea kile kitu cha kujumlisha kinapata kona. Mwishoni kabisa nusu ya juu yote iko +250, nusu ya chini yote −250, katikati imeruka. Hiyo sio polinomia tena na ahadi ya Gauss haikuhusu. Sasa angalia kwa karibu. Weka urefu wa unene uende kutoka −1 hadi 1. Momenti ya mwisho ya kweli inalingana na kujumlisha umbali wote kutoka katikati bila kujali alama, jibu lake ni 1 kamili. Pointi 2 za Gauss ziko kwenye 0.57735 juu na chini, uzito 1 kila moja, jumla 1.1547. Zidisha na 6.25 unapata 7.22. Pointi 3 ziko kwenye 0.7746 na uzito 5/9, na moja iko katikati kabisa ambayo kwenye kupinda haichangii kitu maana umbali wake ni sifuri, jumla 0.8607, mara 6.25 ni 5.38. Pointi 5 zinatoa 0.9448, ni 5.91. Hizo ndo namba zako zote tatu mkuu, programu haijakosea hata moja, imefanya ulichoiambia.

mzee_wa_mabati

Fundi hapo umemaliza vizuri, naomba niongezee kitu ambacho mi naona ni kibaya kuliko hiyo asilimia 15 yenyewe. Ni njia inayopita kufika hapo.

Ukanda wa kweli wa milimita 10 unaanza kulegea kwenye uso wa nje, juu na chini, momenti ikifika 4.17 kNm kwa mita, halafu unalegea polepole kwenda ndani mpaka 6.25. Pale katikati kuna safari ndefu, momenti inapanda nusu nzima zaidi. Sasa pointi mbili za Gauss zote ziko ndani, milimita 2.9 kutoka katikati, uso uko milimita 5. Hazioni uso. Uso ukishalegea kitambo zenyewe bado zinasema elastiki, zinasubiri mpaka 7.22 ndo zinalegea, na zinalegea zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo modeli inatoka elastiki tupu inaingia bawaba ya plastiki (unene wote umelegea) kwa hatua moja. Ile safari haipo kabisa. Na ona kwamba inaanza kulegea kwenye momenti ambayo ukanda wa kweli ulishashindwa kuibeba zamani.

Pointi tatu ni hivohivo, ile ya katikati haisaidii kitu kwenye kupinda, zile mbili zinalegea pamoja kwenye 5.38. Kuanzia 4 ndo unaanza kupata ngazi, maana una jozi mbili za pointi kwenye umbali tofauti.

Kwa wanaotumia programu ya LS-DYNA, idadi ya pointi ndani ya unene usipoandika kitu ni 2. Kwa kazi ya elastiki ni sawa kabisa na inaokoa muda, ila kwa mgongano au kupinda mabati hakikisha umeandika mwenyewe. Na kuna kitu kingine pale, matokeo yanayoandikwa kwenye faili usipobadilisha ni ya pointi 3 tu hata kama umehesabu kwa 7, mtu anaangalia picha anadhani ndo zote.

NodiNne

Aisee nimeelewa mpaka nimeshangaa, nimerudia kwa kalkuleta zote tatu zimetoka. Sasa nimejaribu Simpson, kanuni nyingine ya kujumlisha, ya pointi 5 nimepata 6.25 kamili na imeanza kulegea kwenye 4.17. Kwa hiyo Simpson ni bora kuliko Gauss? Mbona vitabu vyote vinamsifia Gauss?

dada_kanuni

NodiNne hapo usikimbilie, hiyo 6.25 imetoka kamili kwa sababu maalumu. Simpson ya pointi 5 kiuhalisia ni Simpson mbili zimeunganishwa katikati ya unene, moja ya nusu ya chini moja ya nusu ya juu. Kwenye kupinda tupu kona ya stresi iko katikati kabisa, palepale kwenye kiungo. Kila nusu peke yake ni mstari mnyoofu, Simpson inaupata bila shida. Yaani kona imeangukia kwenye mshono.

Sasa uvute huo ukanda huku unaupinda. Weka nguvu ya kuvuta nusu ya uwezo wake wote wa plastiki. Kona inasogea, haiko tena katikati. Jibu la kweli la momenti inayobaki ni robo tatu ya 6.25, yaani 4.69. Simpson ya pointi 5 inakupa theluthi mbili, 4.17. Umekosa asilimia 11 kwa kanuni ileile iliyokuwa kamili. Fanya kwa mkono utaona: kona imekaa kwenye pointi ya nusu, ile pointi inabaki na stresi sifuri, na yenyewe ina uzito mkubwa wa 4/6, mchango wake wote unapotea.

Na gamba la kweli karibu siku zote lina kuvutwa au kubanwa pamoja na kupinda, ndo maana tunaita gamba. Bamba bapa lililobebeshwa kidogo ndo linapinda tupu.

Faida ya kweli ya Simpson, na mi naipenda kwa sababu hiyo, ni kwamba ina pointi kwenye uso wa juu na wa chini. Inaona kulegea kunavoanza, inaona stresi kubwa ilipo, ufa unapoanzia. Programu ya Abaqus usipobadilisha inatumia Simpson ya pointi 5 kwa gamba la nyenzo moja, ukichagua Gauss inaweka 3. Lobatto, kanuni nyingine tena, nayo ina pointi za kwenye uso, ya pointi 3 ni Simpson ileile kabisa, uzito 1/3, 4/3, 1/3, na hiyo usiitumie kwenye plastiki maana momenti ya mwisho inatoka theluthi mbili tu ya ile ya kweli. Lobatto ya 5 inatoa 0.913, iko chini kidogo ya Gauss ya 5. Bei ya kuweka pointi kwenye uso ni digrii mbili za polinomia, 2n−3 badala ya 2n−1.

Kwa hiyo nikijibu moja kwa moja: elastiki tupu tumia Gauss 2 bila wasiwasi. Plastiki, Simpson kuanzia 5, na kama mzigo unaenda na kurudi au unataka stresi zinazobaki baada ya kuachia, panda 7 au 9. Wanaopinda mabati ya bodi za magari wanapanda hivyo kwa sababu bati likitoka kwenye dai (kalibu ya kupindia) linarudi kidogo, na kurudi kwake kunategemea momenti iliyobaki ndani, na ile momenti ndo hasa tunayoikosea hapa.

Nyundo

Mi naona mnamzungusha kijana. Weka pointi nyingi kote, kwenye unene 9, kwenye uso 2×2 au 3×3, meshi ndogo, kompyuta za siku hizi zina nguvu. Kupunguza pointi ni mambo ya miaka ya 70 wakati memori ilikuwa ghali.

fundi_elementi

Nyundo kwenye unene nakubaliana na wewe kabisa, gharama yake ni muda tu. Ila kwenye uso hapana mkuu, na hii ndo sehemu ya pili ya swali la NodiNne, tusiiache ipite hivi hivi kwa sababu watu wanatoa ripoti zenye bamba gumu mara thelathini kuliko la kweli na hakuna anayeshtuka.

Tuchukue elementi nyoofu ya nodi mbili, ya boriti yenye shia (shear, yaani tabaka zinavyojaribu kuteleza moja juu ya nyingine), maana ndo mdogo wake elementi ya bamba ya Mindlin na Reissner, nadharia ya bamba inayohesabu shia, na mambo yote yanaonekana. Nodi zina kushuka na mzunguko, vyote viwili ndani ya elementi vinaenda kwa mstari mnyoofu. Ipinde iwe na mpindo sawasawa. Mzunguko unaenda kutoka hasi upande mmoja hadi chanya upande wa pili, vizuri. Kushuka kwenye nodi zote mbili ni sifuri, na kwa kuwa ni mstari mnyoofu basi ni sifuri kote, elementi haina uwezo wa kuchora upinde. Sasa shia ni mteremko wa kushuka kutoa mzunguko. Mteremko sifuri, mzunguko upo, kwa hiyo shia imejitokeza ambayo kwenye boriti ya kweli haipo. Katikati ya elementi ni sifuri, kwenye ncha ni kubwa.

Pointi mbili za Gauss zinaiona hiyo shia ya uongo na kuijumlisha kwa uaminifu. Nishati yake ukilinganisha na nishati ya kupinda, kwa chuma chenye uwiano wa Poisson 0.3 (kinavyosinyaa pembeni kikivutwa) na kipengele cha 5/6 cha shia, inatoka 0.32 mara mraba wa urefu wa elementi kwa unene. Elementi ya milimita 100 kwenye unene wa milimita 10, uwiano 10, ni 32. Yaani juu ya ukakamavu wa kupinda umeongeza mara 32 ya uongo, boriti inashuka sehemu moja ya 33 ya inavyotakiwa. Unene wa milimita 1, elementi ileile, uongo ni mara 3,200 na kitu. Hapo ndo tunasema elementi imejifunga.

Sasa weka pointi moja katikati. Pale shia ni sifuri kamili. Uongo wote umeondoka na kupinda hakujaguswa maana mpindo ni uleule kote, pointi moja inatosha. Kwa hiyo sio kwamba tumekubali makosa ili tuokoe muda, tumepima shia mahali pekee ambapo elementi inasema kweli.

Na kuhusu meshi ndogo: ili ule uongo ushuke mpaka asilimia 5 tu kwa pointi mbili, uwiano wa elementi kwa unene lazima uwe kama 0.4. Bamba la milimita 10 elementi za milimita 4. Bamba la mita moja kwa mita moja ni elementi 62,500. Likiwa la milimita 1 ni zaidi ya milioni 6. Hiyo ni kwa bamba moja tu, sio tangi zima.

Nyundo

Sawa fundi, hiyo 33 nimeihesabu nimeikuta. Lakini basi mbona vitabu vingine vinasema pointi moja ni hatari? Kuna mahali kuna bei ya kulipa.

dada_kanuni

Bei ipo na inahesabika Nyundo. Elementi ya bamba ya nodi nne ina kushuka moja na mizunguko miwili kwa kila nodi, jumla 12. Miondoko mitatu ni ya mwili mzima, kupanda na kuinama pande mbili, hiyo haitakiwi kuwa na nishati. Inabaki 9 ambayo yote inatakiwa ipingwe. Pointi moja inapima streni (vipimo vya umbo kubadilika) 3 za kupinda na 2 za shia, ni 5. Kwa hiyo miondoko 4 inapita bila kupingwa na kitu chochote. Elementi inaweza kujikunja kwa namna hizo nne na nishati ikabaki sifuri.

Ukichagua, yaani kupinda kwa pointi 2×2 na shia kwa pointi moja, namna walivyofanya Hughes, Taylor na Kanoknukulchai mwaka 1977, inabaki miwili. Ukiweka 2×2 kote haibaki hata mmoja ila unajifunga kama fundi alivyoeleza. Hapo ndo mtego ulipo.

Ule mbaya kati ya iliyobaki ni huu: nodi moja inapanda, ya pembeni inashuka, inayofuata inapanda, kama vyumba vyeusi na vyeupe vya ubao wa drafti, na mizunguko yote sifuri. Katikati ya kila elementi mteremko ni sifuri, pointi haioni kitu. Mara nyingi masharti ya pembezoni yanauzima, bamba lililoshikwa kando zote nne haliwezi kufanya hivyo. Lakini chukua bamba lililoshikwa kwenye pembe nne tu, meshi yenye idadi shufwa ya elementi kila upande. Pembe zote nne zinaangukia kwenye rangi moja ya ubao. Shusha bamba zima kidogo mpaka pembe zirudi sifuri, na umepata mwondoko halali kabisa unaotii masharti yote na hauna nishati. Matriksi inakuwa haina kinyume, au ina kinyume kibovu, na unapata picha ya bamba lenye meno meno. Slabu iliyokaa juu ya nguzo nne ni kitu cha kawaida kabisa, kwa hiyo hili sio la vitabuni tu.

mzee_wa_mabati

Hayo meno meno nimeyaona sana kwenye mgongano, ndo auaglasi (hourglass) yenyewe. Dawa yake kwenye programu za eksplisiti (zinazohesabu kwa hatua ndogondogo za muda) ni ile ya Flanagan na Belytschko ya 1981, unaweka ukakamavu au unato mdogo unaopinga hiyo miondoko peke yake bila kugusa mipindo ya kweli. Elementi ya Belytschko, Lin na Tsay ya 1984 inaenda hivyo, pointi moja kwenye uso na udhibiti juu yake, na imebeba kazi za mgongano za magari kwa miaka mingi kwa sababu ya wepesi wake.

Ila ile nishati ya udhibiti lazima uiangalie. Kawaida watu wanataka ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya ndani, mi nikiona 5 naanza kuuliza ni sehemu gani ya modeli. Na usiangalie jumla tu, angalia kila sehemu, maana jumla inaweza kuwa nzuri huku kipande kimoja kidogo penye mzigo wa pointi kinaogelea. Kwenye LS-DYNA hiyo nishati haihesabiwi mpaka uiombe, swichi yake ya HGEN iwe 2. Mtu haoni anadhani haipo.

Mzigo usiuweke kwenye nodi moja. Hiyo ndo inaamsha hayo meno kuliko kitu kingine chochote.

NodiNne

Kwa hiyo nichague kati ya kujifunga na kutikisika? Hakuna elementi isiyo na ugonjwa?

fundi_elementi

Ipo mkuu, na imeanza kutumika zamani. Dvorkin na Bathe mwaka 1984 walileta elementi ya nodi nne ambayo watu wanaiita MITC4. Wazo lake linafuata moja kwa moja tulichozungumza hapo juu. Shia ya uongo ni sifuri katikati ya kila upande wa elementi, ukifuata mwelekeo wa upande huo. Basi usiichukue shia kwenye pointi za Gauss kabisa, ichukue kwenye hizo sehemu nne za katikati ya pande, halafu isambaze ndani kwa mstari mnyoofu, na hiyo shia iliyosambazwa ndo unaiintigreti kwa 2×2 kamili. Haijifungi, na haina mwondoko hata mmoja wa bure zaidi ya ile ya mwili mzima. Kwa kazi ya implisiti (inayotatua milinganyo yote kwa pamoja) ya bamba na gamba jembamba mi naanza na hiyo siku zote.

Kuna jambo zuri la kihistoria hapa. Zienkiewicz, Taylor na Too walipochapisha kupunguza pointi mwaka 1971 wengi waliona ni ujanja wa kijanja tu unaofanya kazi bila sababu. Malkus na Hughes mwaka 1978 wakaonyesha kwamba elementi nyingi zenye pointi zilizopunguzwa ni sawasawa na njia mseto, ambapo stresi au shia inachukuliwa kama kitu chake chenye uwanja wake. Kwa hiyo unapobadilisha pointi za kwenye uso unabadilisha elementi yenyewe. Kwenye unene pointi ni za kukaribia jibu, ukiongeza unakaribia. Kwenye uso pointi ni sehemu ya umbo la elementi, na ukiongeza umechukua elementi nyingine. NodiNne hilo ndo jibu la kichwa cha uzi wako.

kiwambo

Samahani nimechelewa. Mi natumia pembetatu maana jometri yangu ina matundu mengi. Haya yote yananihusu?

dada_kanuni

Yanakuhusu kaka. Kwenye pembetatu hutumii Gauss wa kuzidishana pande mbili, unatumia kanuni za Hammer na wenzake za 1956. Pointi moja ya katikati inafika digrii 1. Pointi tatu za katikati ya pande, uzito theluthi theluthi, zinafika digrii 2. Kama bamba lako ni jembamba na unatumia DKT, elementi ya pembetatu ya bamba jembamba, ya Batoz, Bathe na Ho ya 1980, mpindo wake unabadilika kwa mstari mnyoofu, ukakamavu ni mpindo mara mpindo, digrii 2, kwa hiyo pointi tatu zinatosha kabisa kama unene haubadiliki ndani ya elementi. Ile haina shia ndani yake hivyo haina cha kujifunga nacho, ila ukiwa na bamba nene usiitumie, hapo shia ni ya kweli na inatakiwa ihesabiwe.

Pembetatu ya kawaida ya shia yenye mistari minyoofu tupu ikae mbali na bamba jembamba, inajifunga vibaya.

NodiNne

Nawashukuru sana wakuu. Swali la mwisho, nitajuaje elementi niliyochagua na pointi nilizoweka ziko sawa kabla sijaingia kwenye kazi yangu? Na stresi nizisome wapi?

fundi_elementi

Pima kwenye paa la Scordelis na Lo, jaribio la kawaida ambalo jibu lake linajulikana. Ni kipande cha silinda, nusu kipenyo 25, urefu 50, unene 0.25, pembe digrii 40 kila upande kutoka kileleni, E (ukakamavu wa nyenzo) ni 4.32×10⁸, Poisson sifuri, uzito 90 kwa kila eneo moja, ncha mbili zimekaa kwenye kuta zinazozuia kushuka na kusogea pembeni ila haziizuii kwenda kwa urefu, kando mbili ziko huru. Kushuka kwa katikati ya kando iliyo huru kunatakiwa kuelekea 0.3024. Chora robo tu kwa ulinganifu, anza na meshi ya 4×4, nenda 8×8, 16×16, na kila meshi badilisha intigresheni ya kwenye uso. Hapo kuna kuvutwa na kupinda pamoja, elementi inayojifunga inajianika mapema, meshi ya 4×4 inakuwa ngumu na inapanda polepole sana.

Halafu weka silinda iliyobanwa kwa nguvu mbili zinazotazamana, ncha zake zikiwa kwenye kuta kama za lile paa, nusu kipenyo 300, urefu 600, unene 3, E ni 3×10⁶, Poisson 0.3, nguvu 1, jibu chini ya nguvu ni 1.8248×10⁻⁵. Hii ni ngumu zaidi maana uwiano wa unene ni 1 kwa 100 na mzigo ni wa pointi. Elementi ikipita hapo vizuri ina afya. Ukimaliza hizo mbili fanya na lile bamba la pembe nne la dada, lenye elementi shufwa, uone kama linatoa meno.

Stresi zisome kwenye pointi za intigresheni zenyewe. Barlow mwaka 1976 alionyesha kuna sehemu ndani ya elementi ambapo stresi ni sahihi kuliko kwingine, na mara nyingi zinaangukia kwenye pointi za Gauss za ile kanuni iliyopunguzwa. Kwenye nodi programu inakuwa imevuta kutoka ndani kwenda nje halafu imechukua wastani wa majirani, na penye plastiki ule mvuto unaweza kukuonyesha 280 kwenye chuma ulichosema kinaishia 250. Ukiona hivyo usishtuke, fungua thamani za pointi.

mzee_wa_mabati

Na ukiwa na Gauss ndani ya unene, thamani ya "juu" inayoandikwa sio ya uso. Kwa pointi 3 kwenye milimita 10 ile ya juu iko milimita 3.87 kutoka katikati, bado milimita 1.13 kufika nje. Kama unalinganisha na geji (kipima streni) iliyobandikwa juu ya bamba, zidisha kwanza kwa 5 gawa kwa 3.87 kama ni kupinda tupu na bado elastiki, la sivyo rudi kwenye Simpson usome pointi ya uso moja kwa moja.

NodiNne

Nina geji mbili kwenye ukanda wangu halisi. Naweka Simpson 7, MITC4 kwenye uso, naanza na paa la Scordelis usiku huu, nikipata matokeo nayaweka hapahapa pamoja na faili la modeli.

dada_kanuni

Weka na grafu ya momenti kwa mpindo, sio momenti ya mwisho peke yake. Tunataka kuona ile safari ya kutoka 4.17 kwenda 6.25.